Barua ya wazi kwa wakubwa wa mambo ya kale: na sie tunataka kwenda shamba

Asalam aleikum wakubwa zetu, na shikamooni.

Nawaandikia nyie mlioshika funguo za makasri ya kale ya hapa Unguja. Sisemi yale ya mjini pale mbele ya Forodhani, yale yana watu wengi wa kuyasemea, na tangu Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, iporomoke ile siku ya Krismasi 2020 kila mtu ana lake. Mie nasema haya ya shamba. Mtoni, Maruhubi, Kidichi, Kizimbani, Dunga, na yale magofu ya Bi Khole kule Bungi ambayo nusu ya watu wanapita chini ya miembe yake kwenda Makunduchi wala hawajui kama ndani kuna nyumba. Nyingi ya hizi nyumba masultani na jamaa zao walizijenga makusudi ili wakichoka na joto na harufu za mjini wachukue watoto waende wakapunge upepo, yani kwa lugha ya siku hizi wikiendi. Leo kila mtu anakwenda kupunga upepo mule isipokuwa mie na wanangu.

Nianze na kilichonitoa.

Jumapili moja skuli zimefungwa, tukakubaliana tusiende ufukweni wala Forodhani, twende tukaone kitu. Tulikuwa tisa: mie na mume wangu, watoto wetu watatu, mama mkwe, wifi yangu na wanawe wawili. Nimeamka saa kumi na moja kukaanga sambusa na katlesi, wifi kaja na mkate wa kumimina, na mama mkwe na chupa yake ya chai ya tangawizi ambayo haachani nayo hata akienda hospitali. Tukapanda daladala na mikeka yetu, watoto wamevaa nguo za Idi iliyopita, furaha tupu. Tulikokwenda sikutaji, mana sitaki kijana wa mlangoni apoteze kazi yake kwa sababu yangu, na lake lenyewe halikuwa kosa lake.

Tumefika, kijana kataja bei kwa dola kwanza, alafu akatutizama vizuri akarudi kwenye shilingi, na hiyo ya shilingi alikuwa ana uhakika nayo nusu nusu kwa sababu anasema hawajazoea kupata wenyeji. Tukalipa. Ndani kuna kundi la Wataliano na mtembezaji wao anawaeleza kwa Kitaliano fasaha kabisa, mikono hewani, wao wanacheka, na sie tumesimama pembeni kama waliokuja kuulizia kazi. Mwanangu wa darasa la nne ananivuta buibui, mama anasema nini, mama anasema nini. Nikamwambia tukasome kibao. Kibao Kiingereza kitupu, na kutu imekula mistari ya chini. Basi mie ndo nikawa mwalimu, nikaanza kusimulia nilichokikumbuka na nisichokikumbuka.

Tukatandika mkeka chini ya mwembe. Hatujafungua hata chombo kimoja, tukaambiwa hapa haliwi. Sawa, sheria. Ila kibao cha kusema haliwi hakipo, na pahala pa kulia napo hapapo. Hapo mama mkwe akaomba choo. Mama mkwe ana sukari, na mtu wa sukari haambiwi subiri. Choo kipo, kizuri kwa nje, kina kufuli, na mwenye ufunguo kaenda sokoni.

Nusu saa haikufika tukawa nje. Tumekula sambusa zetu tumesimama kando ya barabara, vumbi la magari linatuingia, na yule kitinda mimba wangu akatoa hukumu yake, bora tungeenda Forodhani.

Sasa wakubwa, nataka nikukumbusheni hizo nyumba zilikuwa nini, ingawa mnajua kuliko mie. Chukueni Mtoni. Ndo kasri kongwe kuliko yote hapa kwetu, Sultani Sayyid Said kaanza kulijenga mwishoni mwa miaka ya 1820, na pale ndo alipozaliwa binti yake Salme bint Said tarehe 30 Agosti 1844. Huyu Salme baadae kaondoka Unguja 1866, kaolewa na Mjarumani, na 1886 katoa kitabu cha maisha yake, kwa hivyo tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina. Tuna mtoto aliyecheza kwenye ule ua na akaja kuusimulia mwenyewe. Na anachosimulia ni utoto mtupu. Anasema kasri lilikuwa na watu kama elfu moja. Uani kulikuwa na mamichungwa makubwa upande wa mahamamu, yani nyumba za kuogea, na wanyama wanatembea huru, paa, tausi, mbuni, heroe, mabata na mabatabukini, na watoto kazi yao asubuhi na jioni ni kuokota mayai, hasa yale makubwa ya mbuni, wanampelekea mpishi mkuu na yeye anawapa vitu vitamu. Anasimulia lile baraza la mviringo linalotizama bahari, limejaa viti vya mianzi na darubini moja kubwa ya kila mtu kutizamia, na babake akinywa kahawa pale, akenda huku akirudi huku kichwa kakiinamisha, anachechemea kidogo kwa risasi aliyopigwa vitani.

Nyie nambieni, mtoto gani wa Unguja ukimsimamisha pale Mtoni ukamwambia hapa watoto wenzako walikuwa wanaokota mayai ya mbuni wakabadilisha na halua, atataka kurudi nyumbani? Mie nimewasimulia wangu haya usiku kitandani, wameniuliza maswali mpaka saa nne. Mbuni anauma? Heroe ni yupi? Na mayai yakivunjika njiani? Haya maswali yangeulizwa palepale, mbele ya zile kuta, na mto unaopita jirani ambao ndo umeipa Mtoni jina, na mtu wa kuyajibu kwa Kiswahili yupo. Hicho ndo ninachokiomba, basi. Sijaomba mrudishe mbuni.

Maruhubi nayo. Sultani Barghash, mtoto wa Sayyid Said, kaijenga 1880 mpaka 1882, ghorofa ya juu ya mbao imekaa juu ya nguzo nene za mawe, kaiweka kwa ajili ya masuria wake, na 1899 ikaungua, zikabaki nguzo, hamamu, madimbwi yenye myungiyungi na zile nguzo za mfereji wa maji. Ule ukuta mkubwa wa bustani una hadithi yake. Barghash alikwenda Uingereza 1875, kakutana na Malkia Victoria, katembezwa, na inasemekana aliporudi ndo akataka ukuta kama ile aliyoiona imezunguka majumba ya shamba ya matajiri wa kule. Yani bwana kenda kutembea kwenye nyumba za watu, kapenda ukuta, kaja kujenga wake. Mama mkwe nilipomwambia kasema huyo alikuwa kama wifi yako na mapazia.

Mie nina binamu yangu anakaa Leicester, na yeye wikiendi zao ni hayo hayo majumba aliyoyaona Barghash. Kuna jumuiya kule inaitwa National Trust, ipo tangu 1895, inasimamia majumba ya malodi na bustani zake, unakata kadi ya mwaka ya familia alafu mnaingia nyumba hii leo, nyumba ile wiki ijayo, mnatandika kwenye majani mnakula mlichobeba, watoto wanapewa karatasi ya kutafuta vitu, mtafute simba wa jiwe yuko wapi, mhesabu madirisha, na wakimaliza wanapewa zawadi ndogo. Choo safi kina mpaka pahala pa kumbadilishia mtoto nepi. Binamu analalamika mvua tu. Na msidhani nasifu vya watu kwa sababu ni vya Wazungu, mana majumba mengine kule pesa yake ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya watumwa, na 2020 hao National Trust wenyewe walitoa ripoti yao wakayataja, watu wakagombana sana. Lakini familia hazikuacha kwenda. Wamekwenda, wakasoma, wakagombana, wakala mikate yao.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo najua linawatia uzito. Haya makasri si hadithi ya tausi tu. Najua kuna anaeona tukiwapeleka watoto pale tutakuwa tunausifu usultani, na kuna mwengine anaona tukitaja utumwa tutakuwa tunachokoza. Mie naona mtoto ana akili kuliko hofu yetu. Yule wa darasa la nne kaniuliza mwenyewe, mama haya mawe kayabeba nani? Nikampa tarehe afikiri. Soko la watumwa limefungwa 1873 na huyo huyo Barghash akiwa kabanwa na Waingereza, nguzo za Maruhubi zimesimama kuanzia 1880, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa mpaka 1897. Akakaa kimya kidogo, akasema kwa hivyo soko halipo lakini wao bado wapo. Ndo hivyo mwanangu. Mikarafuu ya mwanzo ilipandwa Mtoni na Kizimbani karibu na 1812 na bwana mmoja akiitwa Saleh bin Haramil, baadae Sayyid Said akamnyang'anya, na karafuu hazijichumi wenyewe. Haya yote yaandikwe pale, kwa Kiswahili, kwa herufi anazoweza kuzisoma bibi bila miwani. Hata zile hadithi za Dunga za damu kwenye chokaa, ambazo bibi zetu walitusimulia mpaka tukashindwa kwenda chooni usiku, ziandikwe, na chini yake muandike kwamba ni hadithi. Dunga ilikuwa ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji kabla hata ya masultani, aliyeijenga kafa 1865 na mwanawe Ahmed kafa kwa ndui 1873 na utawala ukaisha pale. Watoto wetu wangapi wanajua kama tulikuwa na Mwinyi Mkuu? Wangu walidhani ni jina la hoteli.

Najua jibu lenu, nimeshalisikia kwa mtu mmoja aliye karibu na nyie. Kwamba wenyeji wakiachiwa wataharibu. Watachora majina kwenye kuta, wataacha mifuko, watapanda juu kupiga selfi. Sikatai, wapo, na hata sie mwanangu mmoja nilimkamata anataka kuondoka na kipande cha jiwe mfukoni, nikamrudisha nacho mpaka alipokitoa.

Lakini tuhesabu kwa haki, nani kaharibu nini mpaka sasa. Marumaru za hamamu za Maruhubi ziliibiwa zamani, wakati pahala pamekuwa gofu hapana mtu. Hakuiba mama mwenye mkeka. Beit el Ras, hii ndo inaniuma zaidi, Sayyid Said kaianza 1847, kafa 1856 hajaimaliza, na 1904 mawe yake yakachukuliwa kujengea reli ya Bububu. Walioamua ni wakubwa wa wakati ule, watu wa ofisini kama nyie, samahani. Na hiyo treni yenyewe iliyokula kasri ilikwenda kutoka mjini mpaka Bububu maili saba, watu wakaipanda mpaka miaka ya 1920 ilipoishia, leo nayo haipo. Kwa hivyo kasri hatuna na treni hatuna. Pahala penye watu kila wiki, penye watoto wanaojua jina la kila nguzo, mwizi wa marumaru anaingiaje? Atakutana na mama mkwe na chupa yake.

Na kama mnataka ushahidi wa hapa hapa basi tizameni Forodhani. Bustani imetengenezwa na watu wa Aga Khan, ikafunguliwa tena 2009, na kila jioni imejaa wenyeji na wageni pamoja, urojo, mishikaki, juisi ya miwa, watoto wanapiga mbizi baharini. Wenyeji hawakuila ile bustani. Kinachoharibika pale kinatengenezwa kwa sababu kila mtu anakiona na anapiga kelele. Kidichi nani apige kelele? Pale hamamu ya 1850, kaijenga Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrzad, mjukuu wa Shah Fath Ali, ndani plasta imechongwa tausi na mitende na maua, kazi ya mikono ambayo hapa Unguja ni adimu kuiona, na wageni wa ziara ya mashamba ya viungo wanapitishwa baada ya kuonja mdalasini na kabla ya kula pilau, dakika kumi, picha, garini. Plasta ikimeguka leo, anaekuja kesho hajui jana ilikuwaje. Mie ningekuwa nakwenda mara tatu kwa mwaka ningejua. Wanangu wangejua zaidi, mana watoto ndo wanaona kila kitu kilichovunjika, hasa kama hawakukivunja wao.

Basi ninachotaka. Choo kwanza, kabla ya kitu chochote, kabla ya kongamano na kabla ya kibao cha mfadhili. Choo kilicho wazi chenye maji na ndoo na kopo, na mtu wa kukisafisha anaelipwa. Familia ya Kiswahili haiendi pahala bila bibi, na bibi haendi pahala bila choo, hesabu ndo hiyo. Kivuli kipo tayari, walipanda wao miembe, nyie wekeni mabaraza ya kukalia chini yake, ya mawe na chokaa kama ya majumbani kwetu, pembeni ya magofu si juu yake, na hapo ndo pawe pa kulia, pipa la taka pembeni, na anaeacha mfuko atozwe faini hata kama ni mie. Maji ya kunywa pia.

Bei ya mwenyeji iandikwe mlangoni kwa shilingi na iwe moja kwa familia nzima. Si kwa kichwa. Sie tukihesabiwa vichwa hatuendi, tuko tisa na huo ni mkusanyiko mdogo. Mgeni alipe ya mgeni, hana neno, kwao wanafanya hivyo hivyo kwa namna zao.

Na mtu wa kusimulia. Hapa nasisitiza, mana watembezaji wetu ni vijana hodari, wanajua Kitaliano, Kifaransa, sasa hivi hadi Kipolandi, lakini ukimwambia nieleze kwa Kiswahili anaanza kukwama, hajawahi kuombwa. Jumapili moja kwa mwezi iwe ya Kiswahili. Mleteni mzee wa Bububu, mleteni bibi wa Dunga anaejua hadithi za babake, akae barazani watoto wakae chini, mlipeni kama mnavyomlipa mtaalamu kwa sababu ndo mtaalamu. Na ile karatasi ya kutafuta vitu, hiyo hata mie naweza kukusaidieni kuitunga bure. Tafuta tausi wangapi Kidichi. Nguzo za Maruhubi zihesabu, ngapi zimesimama. Maji ya hamamu yalipita wapi. Mtoni, simama pale ambapo Sayyid angekaa na darubini, unaona nini baharini leo?

Jambo jengine nalisema kwa sauti ya chini. Kila nikisikia kasri la shamba linatengenezwa, roho inanidunda kwamba litafunguliwa siku moja na meza nyeupe na mlinzi mlangoni anaeuliza mna bukingi. Pesa za wageni tunazihitaji, sijakataa, mume wangu mwenyewe anakula kwa watalii. Ila mkiwa mnatia saini huko, muache angalau ua na mwembe mmoja ambao mtu akishuka kwenye daladala ya 502 ataingia bila kuulizwa analala hoteli gani.

Wifi yangu aliposoma barua hii kasema nimewatukana. Sijawatukana, nimewaomba, na nikiwa nimevuka mpaka basi mnisamehe, mie ni mzazi niliyeamka saa kumi na moja kukaanga sambusa.

Sikukuu mosi ya Idi inayokuja watoto watataka pembea na aiskrimu kwenye viwanja vya mjini kama wenzao, siwezi kuwanyima. Sikukuu pili tutakuja kwenu, palepale tulipotolewa. Tutakuwa tisa tena, kumi kama wifi atajifungua kabla, na chai ya tangawizi itakuwemo. Mkiwa hamjawahi kujenga mabaraza tutakaa kwenye mkeka wetu. Ule ufunguo wa choo tu, siku hiyo usende sokoni.

Wasalaam,
Mama watatu, wa Mwanakwerekwe